Anayeendesha Hachagui Boti

Mke wangu akikutana na boti mpya haisalimii, anaipiga kofi. Ndiyo maana watu wa mtoni wakampa jina la Bi Kishindo, na mimi mumewe, dereva wa lori linalobeba hizo boti, nikabaki kuitwa Bwana Kishindo, kana kwamba wazazi wangu hawakunipa jina. Mwanzoni nilikuwa nanuna. Siku hizi mtu akiniita kwa jina langu halisi nageuka kuangalia nani anaitwa.

Boti zenyewe si za mbao. Ni za mpira, za kujaza upepo kwa pampu, za kuteremkia mto wenye mawe na maji meupe yanayochemka utadhani kuna moto chini yake. Wageni wanakuja, wanavaa kofia ngumu na jaketi za kuelea, kila mmoja anapewa kasia, wanateremshwa huku wakipiga mayowe. Huko chini nawasubiri na lori niwarudishe, wamelowa chapachapa, wanacheka kama watoto. Wanalipa kwa hiari yao kwenda kutishwa, jamani. Mimi nayapenda maji yakiwa kwenye glasi.

Mwenye kampuni ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, bwana mwenye tumbo la heshima na simu mbili. Naye hajawahi kupanda boti zake hata siku moja. Hapo tu ndipo tunapoelewana.

Mke wangu nilimpata kwa pancha. Wakati ule nilikuwa na lori bovu, na yeye alikuwa na kibanda cha kushona maturubai kando ya barabara. Tairi langu lilitoboka mbele ya kibanda chake, fundi wa pancha akabandika kiraka, kikatoka. Akabandika tena, kikatoka tena. Kila kikitoka fundi anatukana gundi, mimi namtukana fundi. Mwanamke yule alikuwa anatazama tu kutoka kwenye cherehani yake, mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, lete huo mpira hapa," akasema.

Akausugua kwa msasa hadi ukawa kama ulimi wa paka. Akaupaka gundi, halafu akakaa amekunja mikono. Nikamwuliza anasubiri nini. Akanitazama juu mpaka chini, akasema gundi ina adabu kuliko mimi, inajua kusubiri. Ilipokauka kiasi chake akabandika kiraka, akakipiga kofi moja, paa! Akasikiliza kidogo, kisha akasema, "Haya, nenda zako."

Lori lile nililiuza, likafa mikononi mwa mtu mwingine, na kiraka kilikuwa bado kimeshika. Sasa niambie, mtu mwenye akili angefanya nini? Kesho yake baada ya pancha nilirudi pale na shati safi.

Mtoni aliingia kwa mlango wa nyuma. Kaka yake alinunua boti mbili zilizochakaa, zikawa zinavuja kama pakacha, akamwita dada yake azizibe. Akaziba. Kila jioni zinaletwa, kila asubuhi zinarudi nzima. Akawa anaijua boti kwa ndani, kiungio kwa kiungio, kabla hajaona hata wimbi moja. Kisha siku moja mwendeshaji mmoja hakutokea kazini, wageni wameshavaa jaketi, shemeji anazunguka na simu zake mbili, hajui ampigie nani. Mke wangu akavua kanga ya kiunoni, akafunga kofia, akakaa nyuma penye kasia kubwa. Nilikuwa nyumbani, sikujua lolote, na nashukuru, maana ningelala mbele ya gari. Alirudi jioni nguo zinachuruzika, macho yanawaka.

"Baba watoto," akaniambia, "nimechelewa kuzaliwa mtoni."

Tangu siku ile hakutoka tena. Watoto watatu walikua wakijua kwamba mama yao anakwenda kazini na kasia.

Sasa kuna sheria moja ya watu hawa wa mtoni ambayo lazima niieleze, la sivyo hutanielewa. Anayeendesha hachagui boti. Anayechagua ni mwenzake. Sheria hii ilizaliwa na mwendeshaji wao wa kwanza kabisa, aliyekwenda dukani akajichagulia boti nyepesi kama karatasi, inazunguka kwa kidole, rangi nyekundu ya kupendeza. Alikuwa ameshaipenda kabla hajaigusa. Msimu wa kwanza tu jiwe likaifungua toka mbele mpaka nyuma. Wenzake wakasema kinyozi hajinyoi, basi: wa kuendesha akae nyumbani, mwingine asiye na mapenzi nayo ndiye aende akachague. Na huyo mwingine, mwaka hadi mwaka, amekuwa mke wangu. Waendeshaji wote wa mto ule wamekalia mpira uliopigwa kofi na yeye, na haijatokea hata boti moja aliyoichagua ikamwaibisha mtu. Hilo si la mimi kujisifia mke. Waulize wenyewe.

Mwaka huu bega lake la kulia likagoma. Limevuta kasia muda mrefu, likachoka, likawa linalia ndani kama bawaba ya mlango. Daktari akamwambia kasia basi. Nilijua atalia. Hakulia, akasema kiti chake cha nyuma atakirithi Kitinda.

Kitinda ndiye mtoto wetu wa mwisho. Jina limemganda tangu utotoni ingawa sasa ni mwanamke mzima, mrefu kuliko mimi. Amepiga kasia la mbele kwenye boti ya mama yake misimu minne, na kila mtu anasema ana mkono. Mimi sikatai kwamba ana mkono. Nilikataa kiti. Nilikataa asubuhi nikiwa nakunywa chai, nikakataa mchana, nikakataa jioni.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, baba watoto," mke wangu akasema.

"Na mimi ni nani katika ukoo huo wa nyoka?"

"Wewe ni dereva wa nyoka. Kunywa chai yako."

Basi nikanywa. Lakini shemeji naye hakuwa na imani sana. Msimu huu maji yamepungua, na maji yakipungua mto hauwi mpole kama unavyodhani, unatoa meno. Mawe yaliyokuwa yamelala chini yanasimama. Baya kuliko yote ni pale wanapopaita Kinu, ambapo mto wote unasukumwa kupita kati ya mawe mawili makubwa, na nje ya hapo unatwanga. Shemeji akatoa neno: Kitinda ateremshe wageni safari moja kupitia Kinu kwenye maji haya ya chini. Akiwatoa wote salama pamoja na boti, kiti ni chake. Akishindwa, kuna kijana wa kampuni nyingine amekaa mkao wa kula.

Na boti ya kuendesha hakuna. Ya mke wangu ilikuwa imeshakula chumvi nyingi, sakafu imechanika, viraka vimekaa juu ya viraka. Kwa hiyo ikabidi inunuliwe mpya, na kwa sheria ile, Kitinda akae nyumbani. Wa kwenda kuchagua akawa mama yake.

Tulikwenda watatu: shemeji mbele na simu zake, mimi kwenye usukani, mke wangu katikati. Duka lipo kwenye mtaa ule wa kuuza pampu, mabomba na jenereta, ambapo kila duka limetoa mali yake mpaka barabarani na ukiegesha lori unatukanwa na watu wanne. Nyuma ya duka kuna uwanja mdogo wa saruji. Muuzaji, kijana aliyefunga tai jua kali lile, alikuwa amezijaza boti mbili upepo tangu asubuhi ili tuzione vizuri. Moja kubwa, ya kijivu, pana kama kitanda cha harusi. Nyingine ndogo kidogo, ya njano.

"Shikamoo mama, karibu sana," akasema. "Hii ya kijivu ndiyo..."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza."

Akavua viatu. Akazizunguka zote mbili peku, polepole, mikono nyuma, kama mwalimu kwenye chumba cha mtihani. Kisha akaanza. Alipitisha dole gumba kwenye kila kiungio, toka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali kucha inapoweza kuingia. Akashika ncha ya mpira, akaikunja, akaibana, akaifungua, akatazama kama mkunjo umeacha mstari mweupe, kwa sababu mpira unaoacha mstari leo ndio unaopasuka mwakani. Akakagua vyumba, maana mpira wa pembeni haujai upepo mara moja kama puto. Umegawanywa ndani, kila chumba na valvu yake, ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea. Akalala kifudifudi, mwanamke wa umri wake, mbele ya watu, akachungulia matundu ya sakafu yanayotoa maji yenyewe. Shemeji akajifanya anapigiwa simu.

Halafu akaipiga ile ya kijivu kofi. Paa! Akakunja uso. Akaipiga tena. Kabla hatujajua kinachoendelea akaifungua valvu, pssssss!

Muuzaji akaruka. "Mama! Mama unanitoa upepo!"

"Mwanangu, uliijaza hii saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kulikuwa na kivuli hapa?"

Kijana akatazama juu. Jua lilikuwa limejaa uwanja mzima. Akajishika kichwa. "Upepo umevimba," akasema. "Nilifundishwa hilo, nikalisahau. Asante mama, ingenipasukia hapa hapa." Akakimbilia ile ya njano kuipunguza, na aliporudi akaja na kiti na soda.

Nilimpenda yule kijana, kwa sababu hakununa, na kwa sababu zamu yake nayo ilifika. Mke wangu alikuwa anainusa boti ya njano kwenye viungio, anarudia, anatikisa kichwa. Hakusikia harufu ya gundi. Boti isiyonuka gundi, kwake yeye, ni kama nyumba isiyo na misumari. Alikuwa ameshaanza kuvaa viatu aiache. Muuzaji akamwambia haikubandikwa, imechomelewa kwa joto, mpira umeyeyuka ukaingia ndani ya mpira. Akaleta kipande cha kuonyeshea na koleo mbili. Mke wangu akavuta upande mmoja, mimi upande wa pili, tukavuta mpaka nikajikwaa. Kipande kikavutika, kiungio hakikuachia.

"Lo!" akasema mke wangu. "Hili sikulijua." Akalirudia lile jambo, anauliza joto kiasi gani, mashine ya namna gani, na jiwe likiichana inazibwaje, mpaka soda ikapata moto. Nilimwona anafurahi kweli, mtu aliyekutana na kitu kipya katika kazi aliyodhani ameimaliza.

Boti zote mbili zilikuwa nzima, alisema mwenyewe. Tofauti ikabaki ukubwa. Hapo akasimama. Mimi namjua: mke wangu akishakagua haangalii mara mbili, ananyoosha kidole mnaondoka. Siku ile alisimama kati ya zile boti, akaweka mkono kwenye ya njano, akautoa, akaweka kwenye ya kijivu.

"Hii," akasema. "Kubwa."

Shemeji akashangilia, kwa sababu boti pana inabeba wageni wengi. Na mimi, wacha niseme ukweli, nilitaka kumkumbatia mbele ya watu. Kitanda kile cha harusi nani atakipindua? Niliipakia kwenye lori kwa mikono yangu, nikaifunga kamba huku napiga mluzi. Muuzaji akatuambia isipoguswa na maji anaweza kuibadilisha. Nikamwambia ondoa shaka, hatutakuona tena.

Tulifika nyumbani mchana. Kitinda akatoka mbio, akapanda nyuma ya lori. Boti ilikuwa imekunjwa bado, furushi tu, lakini aliugusa mpira, akasoma vipimo vilivyoandikwa ubavuni, akashuka polepole kuliko alivyopanda. Akaingia ndani. Nikajua kuna neno, nikamfuata mpaka jikoni nikasimama mlangoni na kujifanya natafuta kiberiti.

Mke wangu alikuwa anakata vitunguu. Kitinda akachukua kisu cha pili, akakaa karibu yake.

"Mama, boti ni nzima."

"Najua."

"Ila ni pana sana."

"Boti pana inasamehe. Ukikosea, haikupindui."

"Kwenye maji mengi, sawa. Maji ya msimu huu yako wapi?"

Mke wangu akakata kitunguu. "Yako chini."

"Pale Kinu, kati ya yale mawe mawili, itapita?"

"Itapita ukiinyoosha."

"Nisipowahi kuinyoosha?"

Mimi nikadakia, mdomo wangu haujui kukaa ndani. "Itakwama! Na kukwama kuna ubaya gani? Si bora kukwama kuliko kupinduka? Atakaa hapo juu ya jiwe, tutamletea chai!"

Wote wawili wakanigeukia, na wala hawakucheka. Mke wangu akasema taratibu, kama anayemweleza mgeni, "Boti ikikwama ubavu, baba watoto, maji yanaipanda. Yanaikunja kwenye jiwe kama shuka kwenye kamba. Na waliomo ndani yanawabana humo humo."

Miaka yote nimebeba boti, sikuwahi kuambiwa hilo. Walinificha kwa kunionea huruma, nadhani.

"Mama," Kitinda akasema, "nikuulize moja tu, halafu nitaendesha yoyote utakayonipa, sheria ni sheria. Ingekuwa bega lako ni zima, na wewe ndiye unapita Kinu wiki hii, ungetaka uchaguliwe ipi?"

Kisu kikatua. Mke wangu akafuta macho kwa nyuma ya mkono, na usiniambie habari za vitunguu.

"Ya njano."

"Basi kwa nini...?"

"Kwa sababu wewe si mimi!"

"Ni kweli," Kitinda akasema. Hakuinua sauti, mtoto huyu hajawahi kumwinulia mama yake sauti. "Mimi si wewe. Lakini hao wengine wote uliowachagulia, nao hawakuwa wewe. Wao uliwachagulia boti ya kuendesha. Mimi umenichagulia boti ya kunibeba."

Akaweka kisu chake kando ya cha mama yake, akasema samahani mama, akatoka nje.

Hapo nikalipuka. Nilisema maneno mengi ambayo mengine siyakumbuki. Nilisema boti kubwa inabaki, nimeifunga kamba mwenyewe. Nilisema mtoto ana kiburi, kiburi cha ukoo wa mama yake, kwetu hakuna mtu anayepanda mpira. Nilisema kama ni lazima apite Kinu basi na apite juu ya kitu kipana kama uwanja, na kama kitakwama nitakwenda kukikwamua mwenyewe, mimi nisiyejua kuogelea. Mke wangu aliniacha nikaisha pumzi.

"Nimewachagulia watoto wa wenzangu," akasema, "nikalala usingizi. Nije nikosee kwa wa kwangu?"

"Hujakosea. Umempenda, hilo ndilo kosa?"

"Dukani, ndiyo. Nilisimama pale nikamwona amelala kitandani na homa, ana miaka sita. Sikuona mto kabisa. Kwa nini unadhani tulitunga ile sheria? Tulisema anayeendesha hupofuka kwa mapenzi. Hatukukumbuka mama."

Nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa hoja zake huwa ni kelele tu.

"Kesho tunairudisha," akasema, akachukua kitunguu kingine.

Tukairudisha. Shemeji alifoka kwenye simu zote mbili, akasema sasa atapakia wageni wachache, na mke wangu akamjibu kwamba wachache watakaorudi ni wengi kuliko wengi watakaokwama. Muuzaji hakuwa na neno, mpira ulikuwa mkavu. Mke wangu aliipiga ile ya njano kofi moja tu, akanyoosha kidole, tukaondoka.

Siku ya safari ziliteremka boti mbili, ya Kitinda mbele na ya mwendeshaji mwingine nyuma yake, nami sikwenda kusubiri chini kama kawaida yangu. Lori nililiacha njiani, nikapanda mawe kwa miguu na mke wangu mpaka Kinu. Yeye alikuwa na kazi: kila safari mtu mmoja husimama pale ukingoni na mfuko wa kamba, amrushie atakayeanguka. Alikuwa amejipa kazi hiyo kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia hauna nguvu. Mimi sikuwa na kazi.

Sikuwa nimewahi kuuona mto ule kwa karibu pale Kinu. Unanguruma mpaka unausikia kwenye meno. Maji yanaingia kati ya yale mawe mawili kwa hasira, yanatoka yamekuwa povu. Mke wangu alikuwa amesimama juu ya jiwe, miguu imeachana, ametulia kama mtu anayengoja zamu yake dukani.

"Huogopi?" nikamwuliza, napiga kelele ili anisikie.

"Naogopa sana!" akajibu kwa kelele vilevile. "Simama nyuma ya kamba!"

Boti ya njano ikatokea kwenye kona. Wageni sita, kofia zao kama machungwa kwenye sinia, na nyuma yao Kitinda, mgongo umenyooka, kasia ndani ya maji. Nilimsikia anatoa amri: "Mbele! Mbele!" Halafu, "Acheni kupiga!" Kisha tena, "Mbele!" Wakafika mdomoni mwa Kinu, na hapo mgeni mmoja wa kushoto akashikwa na woga, akaacha kupiga, akakumbatia kasia lake. Boti ikavuta upande. Ikaligonga jiwe la kulia, ubavu.

Ikakaa. Niliona kwa macho yangu yale aliyoniambia jikoni: maji yakaanza kuipanda upande wa juu, mpira ukaanza kukunjika. Nilipiga ukelele, sijui nilisema nini, nadhani nilimwita mama yangu mzazi. Mke wangu akainua mfuko wa kamba hadi begani, mkono wa kushoto nyuma, lakini hakurusha.

"Jiweni!" Kitinda akapaza sauti. "Wote jiweni! Nendeni kwenye jiwe!"

Hakuna mwenye akili timamu angekwenda kwenye lile jiwe. Wakaenda. Sauti ile ilikuwa haiachi nafasi ya kufikiri, hata yule mwoga alikwenda, wote wakajirundika upande wa jiwe, uzito ukahama, upande wa juu ukainuka kutoka kwenye maji. Kitinda akachimbia kasia nyuma, akajilaza juu yake kwa mwili wote. Boti ikazunguka. Ikaliachia jiwe, ikageuka nyuma mbele, ikapita mlango wa Kinu kinyumenyume, yeye akitangulia na wageni wakimfuata, ikatumbukia kwenye povu, ikapotea, ikaibuka.

"Kubwa ingebaki pale," mke wangu akasema. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa. "Ingebaki pale, baba watoto." Mkono wenye kamba ukashuka, mfuko ukamponyoka, kamba ikamwagika juu ya mawe.

Walikuwa wameingia kwenye maji yaliyotulia, chini kidogo ya tuliposimama. Wageni wanapiga mayowe, wanagonganisha makasia hewani. Mimi narukaruka kwenye mawe, mtu mzima na mvi zangu, nampungia mwanangu mikono yote miwili. Hakutuangalia. Alikuwa anawahesabu watu wake. Alimwinamia kila mmoja, akashika kamba ya kofia yake, akamwuliza kitu, akasubiri ajibiwe, akaenda kwa anayefuata. Yule mwoga alimshika bega, akamwambia maneno, na yule bwana akaitikia kwa kichwa mara nyingi na kulichukua tena kasia lake.

"Hata kutuangalia!" nikasema. Iliniuma, nisiseme uongo. "Mama yake na baba yake tumesimama hapa roho mkononi!"

Mke wangu machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hayafuti. Alikuwa anamtazama mwanawe anavyofanya kazi.

Ndipo Kitinda akasimama nyuma ya boti, akageuka upande wetu. Nikanyoosha mikono juu zaidi. Lakini alikuwa anatazama miguuni mwa mama yake, kwenye kamba iliyomwagika, na sauti yake ikaja juu ya maji, ile ile ya jiweni.

"Wewe wa kamba! Boti ya pili iko nyuma yangu, inaingia sasa hivi! Okota kamba, kaa tayari!"

Nikafungua mdomo nimkemee. Mtoto gani anamwita mama yake mzazi "wewe wa kamba" mbele ya wageni? Mke wangu akanipiga kiwiko cha mbavu, nikanyamaza. Alikuwa ameshainama, anaiingiza kamba ndani ya mfuko haraka haraka, mshiko kwa mshiko, akitazama kona ya mto.

"Ndiyo, nahodha!" akajibu.